Mchanga Uliooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi kule Masumbwe, nimekaa kwenye kivuli cha banda la bati, kompyuta mapajani, nikiona dunia yote imo humo. Nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi tu. Kazi yangu ilikuwa kukisia kwa hesabu namna maji yanavyopita mchangani, na wewe unayeianza kazi hiyohiyo, tega sikio.

Palikuwa na mtambo mdogo wa kuchenjua marudio, yale mabaki ya mawe ya dhahabu, kwa sayanaidi, ile sumu inayoyeyusha dhahabu. Maji yake machafu yalipitishwa kwenye shimo kubwa la mchanga kabla ya kuteremkia lambo la ng'ombe. Mchanga peke yake hauli sumu. Inaliwa na vijidudu, ule utando wa utelezi unaoota polepole juu ya kila chembe. Usipokomaa, sumu inapita. Ukinenepa mno, unaziba njia za maji. Kompyuta ilinichorea yote hayo: chembe za duara, utando wa kijani unaotambaa, wekundu wa sumu unaofifia. Asubuhi ile wekundu ulikuwa umekwisha kabisa. Majibu ya maabara yalikuwa bado njiani, nami subira sikuwa nayo.

Kila siku alikuja mjane mmoja, Mama Shija. Malambo ya kwao yalikuwa yamekauka, na ng'ombe wake wachache ndio waliokuwa maisha yake.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Leo je, wanywe?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Mzee Luhende, mhandisi aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, akakohoa. Akamwomba mama asubiri kidogo, akaniambia niiache kompyuta nimfuate.

Tukafika shimoni. Mchanga ulikuwa mweupe, unang'aa, na si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Vijana wa mtambo walisimama pembeni wakingoja sifa. Wiki ile alitarajiwa mgeni rasmi kutoka mkoani, nao wakaambiwa wasafishe eneo. Wakauchota mchanga wa juu, wakausugua kwa sabuni na dawa ya madoa, wakausuuza, wakaurudisha. Unatujua sisi: mgeni akija, hata jiwe la uani linapigwa deki. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ule utelezi ndio mfanyakazi wenyewe.

Mzee hakuwagombeza. Alinigeukia mimi.

"Binti, kompyuta yako inajua kwamba mchanga umeoshwa?"

Nikasema haijui.

"Basi inakujibu habari za mchanga mwingine. Nenda kamwambie mama bado. Umwambie wewe mwenyewe, usitume mtu."

Jungu kuu halikosi ukoko, lakini siku ile nilimkasirikia. Ni rahisi kupeleka habari njema. Hii nyingine niliipeleka kwa hatua za polepole. Mama Shija aliniuliza bado mpaka lini. Nikamwambia sijui, mayu, utando lazima uote upya, kisha tupime. Akageuka bila kuniaga.

Akawaswaga ng'ombe wake hadi lambo la mbali, ng'ambo ya vilima. Njiani ng'ombe wake mmoja mkongwe, mama wa ndama wote wa zizi lile, alilala chini asiinuke tena. Nililia, sikufichi. Wapo waliosema ni mimi niliyemuua. Mzee Luhende hakunipoza kwa maneno matamu. Alisema tu kwamba wangekunywa pale, huenda asingebaki hata ndama.

Tukalizungushia shimo kamba, tukawafundisha vijana kwamba uchafu ule ni kazi. Nami nikaanza hesabu zangu upya, kuanzia mchanga mtupu usio na utando. Safari hii nilikwenda kuugusa kila asubuhi, mpaka ukaanza kuteleza vidoleni. Ndipo tukapeleka maji mapya maabara, na majibu yakaja: maji yalikuwa salama.

Nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Shija. Nilipoanza kumweleza vipimo, akaninyamazisha kwa mkono.

"Acha, ng'wana wane. Siku ile ungeweza kunifurahisha kwa neno moja, ukakataa. Leo ukisema wanywe, watakunywa."

Akafungua zizi.

Mwanangu, kompyuta zenu za leo zinachora vizuri kuliko yangu. Zitumie. Lakini hazijui kilichofanyika jana shimoni mpaka uziambie, na hutaweza kuziambia usipokwenda kuona. Na mwenye kiu akikuuliza, usimpe jibu linalomfurahisha kama bado hujalihakiki. Atakuchukia, mvumilie.

Mungu akupe miguu ya kufika shimoni na ulimi usioogopa kusema bado. Na siku utakaposema tayari, watu wafungue mazizi yao bila kukuuliza mara ya pili.