Siku Niliyojaribu Darubini ya Baba Mkwe Ghorofani

Mke wangu ameshawasimulia watu kwenye kila harusi, basi bora kisa hiki mkisikie kwangu mwenyewe: mimi ndiye yule mtu aliyeufanya mtaa mzima wa Kariakoo ukimbie saa nne asubuhi, na wala sikuwa na silaha.

Baba mkwe wangu anakaa Upanga, mzee wa Kichaga aliyekuwa mwindaji zamani, na anayo bunduki moja ya kuwindia, ina kibali, ina kabati lake la chuma, imetengenezwa kabla yeye hajaoa. Darubini yake ya kulengea, ile inayofungwa juu ya bunduki, ilipasuka kioo, na mzee hakutaka hizi za siku hizi, nene, nyeusi kama bomba la maji machafu. Alitaka ya umri wa bunduki yenyewe, ya chuma, nyembamba, ambayo ukichungulia alama ya shabaha unaiona kama kijiti kilichochongoka, si msalaba. Mimi (kiherehere changu, kutafuta sifa kwa wakwe) nikasema nitaipata. Akanipa mbao aliyoichonga kwa urefu wa bunduki, yenye alama mbili pale darubini inaposhikiwa, nikapimie.

Kariakoo kuna Mzee Salumu, ghorofa ya tatu, anauza saa za kale na kamera mbovu. Alikuwa nazo darubini mbili. Moja ilikuwa na msalaba, nikaikataa palepale. Ya pili ilikuwa na kijiti, ila dukani mle giza, nikashindwa kujua kama kioo kina ukungu. Akaniambia nichungulie dirishani. Dirisha lina nondo, nikaona usumbufu wa nini, ngoja nitoke barazani, hukohuko ghorofani. Hapo ndipo nilipojiroga.

Maana sikutoka na darubini peke yake. Niliifunga kwa mpira juu ya ile mbao, nikaiweka begani, nikafumba jicho moja, nikatafuta kitu cha mbali cha kusoma.

Nikapata bango la duka la vitenge, herufi safi kabisa. Chini yake nikamwona mama mmoja ananitazama, mdomo wazi, na mara hayupo. Nikasogeza darubini, watu wanakimbia. Nikaigeuza upande wa pili, wanakimbia, milango ya chuma inashushwa, kandambili zimebaki barabarani bila miguu. Nikajua ni majambazi (nawaapia, nilijua ni majambazi), nikachutama nyuma ya ukuta na mbao yangu kifuani, nikaanza Baba Yetu nikaishia katikati. Na kila nilipochungulia kumtafuta huyo jambazi, kelele zikazidi.

Ndipo nikasikia mtu chini anasema, "Yuko pale juu, mwenye shati la bluu."

Nikalitazama shati langu.

Polisi wakapanda wanne, na bunduki zao zilikuwa za kweli. "Weka chini," mmoja akasema taratibu, na ule upole wake ndio ulionimaliza. Vidole vikagoma kufunguka. Nilitaka kusema ni mbao, likanitoka, "Ni ya baba mkwe," jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo. Wakanilaza kifudifudi, na palepale suruali ikalowa, na mvua haikunyesha siku hiyo.

Baba mkwe akaja kituoni na kibali chake. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimekaa sakafuni, pekupeku, akaitikia marahaba akiangalia ukuta. Kisha akaiomba ile darubini kwa askari, akachungulia, akasema kijiti ni kweli kipo, ila yenyewe imetengenezwa miaka mingi baada ya bunduki yake.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi yule mama wa vitenge, aliyeteguka mguu akijitupa chini ya meza. Nilitegemea matusi. Akanisogezea kigoda, akasema, "Mwanangu, nilipokuwa pale chini niliwataja wanangu majina, mmoja mmoja, nikawaaga."

 Tangu siku hiyo nimeapa kwamba kitu kirefu sikiweki begani tena, hata kama ni ufagio, na kabla sijachungulia popote natazama kwanza ni nani ananiona mimi.