Virgule Iliyokausha Barabara ya Juu

Mwanangu, iko siku moja ambayo mke wangu hajakubali niisahau, na heri nikusimulie mimi kabla yeye hajakusimulia kwa njia yake. Ni siku nilipofunga maji ya barabara yangu mwenyewe, kwa alama ndogo kuliko punje ya ulezi, halafu nikarudi nyumbani, nikala bukari yangu, ugali wetu, nikalala vizuri.

Niliikumbuka juzi ulipokaa hapa sebuleni na kompyuta yako magotini. Ulinionyesha programu yako ya C, lugha ile ya kompyuta, na ni nzuri, sikatai. Nilipokuuliza inasomaje faili yake ya mipangilio, ulinijibu bila kuinua kichwa kwamba hiyo ni sehemu ndogo, utaimaliza kesho kabla ya chai. Mimi pia niliimaliza kabla ya chai.

Ilikuwa hapa hapa Kolwezi, nchi ikiitwa bado Zaïre, na sisi wanaume tukivaa abacost, lile koti la bila tai, na kuitana citoyen, yaani mwananchi, hata tukiwa wawili tu ofisini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, basi, sikwenda mbele. Kwenda mbele kulitaka kupanda treni mpaka Lubumbashi na kulala katika nyumba za watu, na mimi unanijua, nikivuka tu mtaa wa Manika naanza kukumbuka kitanda changu. Nikapata kazi ya kupiga mashine katika ofisi moja iliyogawa maji mitaani. Mkubwa wangu, Tata Kabwe, mtu mrefu na mpole aliyesomeshwa hesabu na mapadri, aliona nina subira ya kukaa, akanifundisha C kutoka kitabu cha Kifaransa kilichokuwa kimepoteza jalada. Kompyuta ilikuwa moja. Courant, yaani umeme, ikikatika, tulikuwa tunaizunguka na kuitazama kama mgonjwa.

Maji hayakutosha kwa mji mzima, kwa hiyo kila barabara ilikuwa na masaa yake. Programu yangu ilitoa karatasi ya kila asubuhi kwa watu wa pompi: barabara gani, vali zipi zifunguliwe, saa ngapi, na zifungwe saa ngapi. Watu wa pompi hawakubishana na karatasi. Ikisema funga, wanafunga.

Mwanzoni masaa yote yalikuwa ndani ya programu yenyewe. Tata Kabwe akitaka kuongezea barabara moja nusu saa, ilibidi mimi nifungue programu, nibadilishe namba, niitengeneze upya. Na mara nyingi alinikuta sipo, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kwenda kula kwangu na kukawia huko. Akachoka. Akaniambia nizitoe zile namba nje, niziweke katika faili ya kawaida ambayo mtu yeyote wa ofisi anaweza kuifungua na kuisoma. Nikafanya, na namba akaziandika yeye mwenyewe. Faili ilikuwa na mistari kama hii:

# masaa ya kila barabara
barabara_ya_juu = 2,5
vali_za_juu = 3,4,7

Jina kushoto, thamani kulia, alama ya sawasawa katikati. Programu inachukua mstari mmoja mmoja, inaruka ulioanza na # kwa sababu huo ni wa watu, inatafuta alama ya sawasawa, inakata hapo, inafuta nafasi zilizobaki pembeni, halafu inageuza maandishi ya kulia kuwa namba. Kwa kazi hiyo ya mwisho nilitumia atof. Ni neno fupi, halina maswali mengi, na mimi napenda watu wasio na maswali mengi.

Nikaijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa nne. Ikajibu vizuri. Nikamwambia Tata Kabwe kazi imekwisha, tena nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja uko nje.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Barabara ya Juu iko kwenye mteremko, na huko ndiko nilikokuwa nakaa. Maji yakifunguliwa, kwanza yanajaza nyumba za chini. Nyumba za mwisho, za juu kabisa, zinapata ile nusu saa ya mwisho tu. Ndiyo sababu ilipewa masaa mawili na nusu. Zamani, ndani ya programu, mimi nilikuwa nimeandika 2.5, na nukta, kwa sababu C inataka nukta. Lakini Tata Kabwe alipoandika kwenye faili, aliandika kama mapadri na masista walivyotufundisha sisi wote tangu darasa la kwanza: mbili virgule tano, yaani kwa mkato. Nani kati yetu aliwahi kuweka nukta pale? Sista angekupiga fimbo. Ile atof yangu ikasoma mbili, ikakutana na virgule, haikuijua, ikasimama hapo hapo na kurudisha mbili. Haikulalamika. Haikukohoa hata. Karatasi ikatoka: fungua saa kumi na moja alfajiri, funga saa moja.

Nusu saa ya watu wa juu ikaondoka.

Mimi sikujua, kwa sababu sikutoka. Nyumba yangu iko katikati ya mteremko, na nyuma ya jikoni tulikuwa na pipa ambalo mke wangu alikuwa analijaza kila asubuhi. Naamka, maji yako. Naoga, naenda ofisini kwa njia ya chini, narudi kwa njia ile ile. Kule juu kwenye mwisho wa barabara nilikuwa nafika siku za matanga tu.

Kule mwisho alikuwa anakaa Mama Ngalula. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na yeye alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akawa anauza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Munkoyo wake ulikuwa mzuri na ulimi wake ulikuwa mkali, na watu walivumilia cha pili kwa ajili ya cha kwanza. Wiki ile alikuwa anaozesha binti yake siku ya Jumamosi. Bakwe, wakwe zake wapya, walikuwa wanakuja kutoka Mutshatsha kwa treni, na yeye, muuza munkoyo wa mtaa mzima, alikuwa amewaahidi kwamba hawatakunywa kitu kilichonunuliwa. Mkwe akifika kwa muuza munkoyo na kupewa bia ya dukani, mwanangu, hilo litasimuliwa mpaka wajukuu.

Akaja kwangu akiwa na sufuria tupu, makusudi, ili nilione.

“Tata, wewe unatumikaka ku mayi. Kule kwetu mayi haiko. Iko wapi?”

Nikamjibu kwa utulivu wa mtu mwenye pipa. Nikamweleza kwamba siku hizi masaa yanapangwa na mashine, na mashine haina ndugu wala adui. Kama maji hayafiki, basi watu wa pompi wanalala. Alinitazama, akatazama pipa langu, akaondoka na sufuria lake. Nami nikarudi kwenye kiti.

Watu wa pompi nao walikuwa wamekwisha kulalamika kwa Tata Kabwe, kwamba wanatukanwa barabarani kwa kufuata karatasi. Asubuhi yake akaniita, akaweka karatasi na kioo cha kompyuta pamoja mbele yangu. Akaniambia nisome faili kwa sauti. Nikasoma: barabara ya juu, mbili virgule tano. Akaniambia nisome karatasi. Nikasoma: saa kumi na moja mpaka saa moja. Akaniuliza hayo ni masaa mangapi. Nikahesabu kwa vidole, si kwa sababu sikujua, ila kwa kutafuta muda.

“Ni mashine, Tata,” nikasema. “Imekosea.”

“Hapana, mutoto. Mashine ilisoma mupaka penye ilielewa, kisha ikanyamaza. Kunyamaza ni wewe uliifundisha.”

Ungefikiri nilishika somo. Nilishika nusu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula, kwa hiyo nikatengeneza kwa njia fupi: kabla ya kusoma mstari wowote, programu igeuze kila virgule kuwa nukta. Kila virgule, unasikia? Nikajaribu mstari wa masaa, ukatoka mawili na nusu, nikafunga ofisi.

Sasa rudi utazame ule mstari wa vali. Tatu, nne, saba. Zile virgule si za nusu ya kitu, ni za kutenganisha. Programu yangu ikazigeuza zote, ikapata 3.4.7, namba isiyojulikana duniani, ikachukua vali ya tatu na kuziacha nyingine. Kesho yake watu wa pompi wakafungua vali ya tatu peke yake, kwa masaa mawili na nusu kamili, kama karatasi ilivyosema. Nyumba za chini kabisa zikapata maji ya kuogesha mbuzi. Katikati na juu, hakuna hata tone.

Katikati, hiyo ni kwangu.

Mke wangu alifungua bomba, likapuliza hewa. Pipa lilikuwa limebaki matope. Alinipa bidoni mbili za kuchotea maji, akanifungulia mlango na kuushika wazi mpaka nikatoka. Nikateremka na abacost yangu mpaka bomba la chini, nikajipanga nyuma ya wanawake wa mtaa ambao wengi walikuwa wananiona mara ya kwanza penye bomba. Mmoja aliuliza wenzake kama kuna kifo kwetu, maana citoyen wa ku nyumba ametoka. Mwingine akasema hapana, mashine imemutuma mayi. Wakacheka mpaka zamu yangu ikafika. Mbele yangu alikuwa Mama Ngalula na beseni kichwani. Yeye hakucheka. Aliniambia tu kwamba kwa beseni atapika bukari, lakini munkoyo wa arusi hauwezi kupikwa kwa beseni, na kama kesho asubuhi bomba lake halijatoa maji, hatapata tena muda wa kuuacha ulale na kuchacha, na Jumamosi atawapa bakwe bia ya dukani.

Niliacha bidoni kwa mke wangu na kurudi ofisini. Sikula.

Tata Kabwe alinikuta nimekaa mbele ya mashine, akavuta kiti. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, kila mstari, nani ameuandika na alikuwa anataka kusema nini. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mstari wa masaa ni namba moja, virgule yake ni ya nusu. Mstari wa vali ni vitu vingi, virgule yake ni ukuta kati ya kimoja na kingine. Alama ni ile ile, lakini maana iko kwenye jina lililo kushoto. Kwa hiyo kwanza ujue jina, ndipo uamue virgule ni nini: kwenye masaa igeuzwe nukta, kwenye vali ikatwe hapo. Tukatoa atof, tukaweka strtod, ambayo inasoma namba na kukuachia kidole mahali iliposimama. Kidole kikionyesha kwamba bado kuna herufi, programu inasimama na kusema mstari gani na neno gani halijaeleweka, na karatasi haitoki mpaka mtu aje.

Kisha akaniuliza kuhusu kuandika, kwa sababu programu ilikuwa pia inaandika ile faili upya mtu akibadilisha saa kwenye kioo. Tukaiandikisha, akafungua, akasoma: barabara ya juu, 2.500. Kwa shule yake yeye, nukta ni ya kutenga maelfu.

“Elfu mbili na mia tano,” akasema. “Barabara yenu itazama.”

Zaidi ya hayo, ule mstari wa juu wenye #, ulioandikwa kwa ajili ya watu, ulikuwa umepotea. Programu yangu iliuruka kwenye kusoma, kwa hiyo haikuwa nao wa kuurudisha. Tukatengeneza hayo yote. Karatasi ikatoka jioni, na safari hii niliipeleka mwenyewe pompi, kwa miguu, nikaisoma na watu wa pompi mstari kwa mstari. Alfajiri nikapanda mpaka mwisho wa Barabara ya Juu, nikasimama nje ya uzio wa Mama Ngalula kama mkopeshaji. Ilipopita kidogo saa moja bomba lake likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Nilisikia masufuria yakisogezwa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Faili ya mipangilio inasomwa na mashine, lakini inaandikwa na mtu, na mtu ataandika kama alivyofundishwa shuleni, si kama C inavyotaka. Jaribu programu yako kwa vitu watu wanavyoandika kweli: virgule, nafasi za ziada, mstari mtupu, thamani iliyosahauliwa. Usimeze usichokielewa, sema, na utaje mstari. Unapoandika, rudisha kila ulichokikuta, hata maneno usiyoyahitaji wewe, na kwa umbo ambalo mwenyewe atalitambua. Andika kwanza faili mpya pembeni, ikikamilika ndipo uipe jina la ile ya zamani, maana courant yetu unaijua. Na ukimaliza toka nje, ukaone maji yanafika wapi. Hilo nakuambia mimi ambaye kutoka nje ni adhabu.

Mungu akupe macho yasiyoharakisha na mikono iliyotulia. Akupe mkubwa wa kazi mwenye moyo wa Tata Kabwe, na bomba lako lisipulize hewa siku ya arusi ya binti yako.

Siku ya arusi ile, bakwe walikunywa munkoyo wakaomba tena. Nami nikaletewa kikombe na Mama Ngalula mwenyewe, nikaona ndiyo nafasi ya kumweleza. Nikamfafanulia virgule ya nusu na virgule ya kutenganisha, nikamchorea hata kwa kidole juu ya meza. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kikombe changu ambacho bado kilikuwa na kitu ndani, akasema:

“Tata, mi sikukuombaka virgule. Mi nilikuombaka mayi.”