Fundi Primus na Baba Asiyesamehe

Hakuwa na picha ya pasipoti. Hakuwa na simu, wala shati ambalo saruji haijaligusa. Hakuwa na ndugu Dar es Salaam wa kumshika mkono, na katika miaka yake arobaini na mmoja hakuwahi kuigiza popote. Shule aliishia darasa la saba. Primus Thadeus wa Kibosho alikuwa na sauti tu, ile anayosomea masomo kanisani Jumapili hadi waliokosa nafasi ndani wakamsikia nje.

Saa moja asubuhi, mtaa wa Majengo, mjini Moshi. Primus amesimama kwenye ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili, mwiko mkononi, anapiga plasta ukuta wa Mama Sadallah. Anaukazia macho.

"Toka kwangu. Huna baba hapa."

Mama Sadallah anachungulia kutoka jikoni. "Fundi, leo tena unamfukuza? Malizia hiyo kona kwanza, halafu ndiyo umfukuze."

Primus anacheka, anashuka kunywa chai. Anayemfukuza ni mtoto wa kwenye mchezo wa televisheni, na maneno hayo ndiyo yaliyomshinda siku ya usaili.

Tangazo alilisikia redioni. Kikundi cha sanaa cha Dar es Salaam kilitafuta waigizaji wa Kilimanjaro, kwa mchezo kuhusu familia iliyogombana baada ya bei ya kahawa kuanguka. Primus aliitaka nafasi ya baba mwenye moyo mgumu, anayemkataa mwanawe. Akaacha kazi siku nzima, naye ni mtu ambaye asiposhika mwiko hapati kitu.

Ukumbini alipangwa pamoja na kijana wa mjini aitwaye Shakiru, aliyeigiza kama mwanawe. Primus alianza vizuri mno; waamuzi waliacha kuandika, wakabaki kumtazama. Ndipo Shakiru akapiga magoti na kuchomoa jani la isale.

Isale ni mmea unaooteshwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Mchagga akikuletea jani lake ameomba msamaha, na huna njia ya kumkataa. Mkono wa Primus ulilipokea wenyewe. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mzee, mbona umeshamsamehe?" aliuliza Bi Mwantumu, mwongozaji wa mchezo. "Hatujafika huko."

Primus alimweleza mila ilivyo. Bi Mwantumu akamwambia kwamba sauti yake ameipenda, ila jani halitaondolewa, na baba lazima alikatae. Akampa anwani: amwandikie kabla ya mwisho wa mwezi kama ataweza. Asipoweza, nafasi itakwenda kwa mwingine.

"Nilirudi kama mtu aliyefiwa," anasema Primus. "Miaka ishirini nazungumza na kuta. Siku ile watu walinisikiliza."

Nyumbani alimwomba mkewe, Victoria, amletee isale ajizoeze. Kwenye ukuta maneno yanatoka. Mbele ya jani hayatoki.

Jumapili alipanda Kibosho kwa mama yake, Margareta, akamsimulia yote. Bibi huyo alicheka hadi akafuta machozi.

"Nani kakwambia baba mgumu hulikataa isale?" alimwambia. "Baba yako mkubwa Sirili alikuwa akiona waliomkosea wanakuja nalo, anatokea mlango wa nyuma, anajificha migombani. Hakutaka limfikie. Alikimbia hivyo mwaka mzima."

Primus alirudi mjini akiuwaza ule mlango wa nyuma.

Leo, kona imekwisha. Ananawa mikono kwa sabuni, anaomba kiti na kumwandikia Bi Mwantumu. Baba asilikatae jani, anaandika, alikimbie. Mtoto aingie mlango wa mbele, baba atokee wa nyuma. Yale maneno ya kumfukuza mtoto ayaseme akiwa peke yake migombani, mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

"Na wakisema fundi plasta anawafundisha kazi yao?" anauliza Mama Sadallah.

"Watanipa jibu lao, mama. Wakiniita Dar nitakwenda, hata kwa kulala sakafuni. Ila kumkataa mwenye isale siwezi, hata kwa kuigiza."

Anaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, mpaka Mama Sadallah anaacha kuchambua mchele. Kisha anaikunja, analamba gundi ya bahasha, anaibana kwa vidole vyote. Kabla posta haijafungwa, barua imo sandukuni.