Chupa ya Saa Saba

Nilitamani sana iwe malaria. Malaria mtu anaielewa: unameza dawa, unatapika kidogo, unasamehewa kazi, jirani anakuletea machungwa. Lakini daktari wa zahanati pale Malaba alisoma majibu ya damu yangu, akasema hakuna malaria, hakuna taifodi, sukari iko sawa, figo ziko sawa.

"Sasa mbona naamka nimechoka kuliko nilivyolala?"

"Unafanya kazi gani, mzee?"

Nikamwambia mimi ni ejenti, napitisha mizigo ya watu forodhani. Akaweka kalamu chini.

Kazi yenyewe ndiyo hii: dereva amekwama kwenye foleni ya malori, anakupigia simu utadhani ni wewe umeziba barabara. Mwenye mzigo anapiga kutoka Kampala. Mwenye lori anapiga kutoka Busia. Mtandao wa ushuru umelala, na mtandao ukilala huwezi kuutukana, kwa hivyo unamtukana mwenzako wa meza ya pili. Kwa kutukana mimi sikuwa mvivu. Usiku nilikuwa nalala macho wazi, moyo unadunda, na asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu huku nikipumzika katikati. Daktari aliniambia huo ni uchovu wa msongo wa mawazo. Nilale mapema, nizime simu, na nikitaka nijaribu magnesiamu, tembe moja kila siku baada ya chakula.

"Wengine inawasaidia," akasema. "Wengine haiwasaidii kitu."

Sijawahi kuona dawa inayouzwa kwa sifa duni hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, hata kubishana kulinishinda.

Mama watoto ndiye aliyeninunulia, kwenye duka la dawa Busia. Akaja na chupa nyeupe ya plastiki, kifuniko cheupe, ndani tembe nyeupe, ndefu, kubwa za kumkaba mtu, na juu pamba imeshindiliwa. Akachukua simu yangu akaiwekea kengele ya saa saba mchana, kila siku.

"Wewe kugombana utakumbuka," akasema. "Dawa utasahau."

Ofisi yetu ni chumba kimoja cha mabati, meza zimebanana, na mama wa chakula anatuletea ugali pale pale. Siku ya kwanza kengele ililia saa saba kamili. Nikatoa chupa mkobani, nikaitikisa, nikachomoa pamba, nikameza tembe yangu, nikarudisha pamba. Chumba kizima kilinyamaza. Nilidhani mtandao umerudi.

Aliyekosekana ni mmoja tu, jirani yangu wa meza, jamaa mkubwa, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Huyu ndiye adui yangu rasmi. Wateja wangu wengi walipotea kupitia mlango wake. Na kila siku saa saba, kunyeshe kusinyeshe, lazima angeenda chooni. Ofisi nzima tulikuwa tunamtania kwa hilo tumbo lake, na mimi nilikuwa mwenyekiti. "Nenda boss, ujifungue salama," ndiyo ilikuwa salamu yangu ya mchana.

Kesho yake mama wa chakula aliniwekea maini ambayo sikuagiza, na parachichi zima kando.

"Kula mzee," akasema polepole. "Hiyo dawa inataka tumbo imeshiba."

Nikala. Nani anakataa maini? Siku iliyofuata yalikuja tena, na ile sauti ya wodini ikaja nayo.

Kisha mambo yakaniharibikia, yaani yakaanza kuwa mazuri. Yule adui alinisogezea kiti chake chenye mto, akachukua changu cha mbao. Madereva wakiingia na makelele yao, aliwazuia mlangoni. "Mwacheni mzee apumue. Hizo karatasi leteni kwangu." Akashughulikia kazi yangu mpaka mwisho, akaniwekea faili mezani, na mteja akabaki wangu. Mtu huyu angeweza kuiba mteja kwenye matanga ya mteja mwenyewe. Dereva mmoja wa Uganda alinishushia mkungu wa matoke kutoka kwenye lori. "Bambi, ssebo," akanipa pole kwa Kiganda, "kula upate nguvu." Na mwenye malori wa Busia, mzee wa Kiislamu ambaye simu zake zote huanza na "lori langu liko wapi", alinitumia asali na habasoda, akanipigia kuniombea dua. Dua ndefu, nzuri, na lori hakulitaja hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Aliyenifumbua macho ni baba mdogo wangu, aliyekuja kutoka kijijini kwetu Butula bila kuitwa. Huyu mzee hajawahi kunitembelea Malaba, hata nilipopata ajali. Alikunywa chai yake, akanipima kutoka kichwani kushuka, na macho yakakwama miguuni.

"Kijana, wewe huvaa viatu namba ngapi?"

"Kwa nini, baba?"

"Nauliza tu. Hakuna anayejua kesho."

Kwetu mtu akizikwa, siku chache baadaye jamaa hukaa chini na kugawana nguo na viatu vyake. Nilimwangalia baba mdogo na yeye akaendelea kuangalia viatu, vya ngozi, vyeusi, nilivyovitunza vizuri.

"Lakini siku hizi dawa ni nzuri," akaongeza kunifariji. "Watu wanaishi. Usiache kumeza."

Ndipo nikaiona chupa yangu kama walivyoiona wao. Chupa nyeupe. Tembe kubwa. Pamba ya kuzuia isilie ukitembea nayo. Kengele, saa ile ile, kila siku ya Mungu. Ofisi nzima, foleni nzima ya malori, na sasa Butula, walikuwa wamekata shauri kwamba nameza dawa za virusi vya UKIMWI. Na mimi na mama watoto tulishapimwa, tunajua tulivyo. Nilikasirika vibaya. Jina langu lilikuwa limetembea mpaka kijijini na mimi nimeketi hapa nakula maini.

Nilipomwambia mama watoto, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta macho, akasema, "Lakini siku hizi unalala."

Ni kweli nilikuwa nalala. Nilikuwa naamka nikiwa mtu. Kama ni magnesiamu, kama ni maini, kama ni adui kunifanyia kazi, sijui mpaka leo. Sikutaka kujua. Nilitaka jina langu.

Nilianza na mama wa chakula. Nikamwonyesha chupa, nikamwambia asome kibandiko. Akasoma neno kwa neno, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hata shemeji yangu aliweka zake kwa chupa ya vitamini," akasema. "Usijisumbue, mzee. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha, na sisi tunakuheshimu."

Sasa huyo utamwambia nini? Nikaamua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku tunayochoma nyama ofisi nzima, nisimame mbele ya wote niseme wazi: hii ni magnesiamu, mimi ni mzima, nirudishieni jina langu. Maini nilijua nitayapoteza. Nilikuwa tayari.

Siku ikafika. Nyama iko kwenye jiko nje ya ofisi, malori yananguruma barabarani, watu wameketi na sahani magotini. Saa saba kengele ikalia. Nikasimama na chupa mkononi, nikakohoa. Wote wakanyamaza.

Nikaona kwamba adui yangu hajaenda chooni. Alikuwa ameketi pale pale, jasho linamtiririka, mkono ameuweka kwenye mfuko wa shati. Naye akasimama. Akapita katikati ya watu, akaja kusimama kando yangu, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, kama kile cha kufungia njugu. Ndani mlikuwa na tembe moja nyeupe, ndefu.

"Nipe maji," akaniambia.

Nikampa. Akameza mbele ya wote.

"Mimi zangu nimekuwa nikimezea chooni," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Siku zingine bila maji. Tangu nianze. Halafu nikasikia huyu anamezea mezani, watu wakiona, na hakuna mtu amehama meza. Mnamletea hadi maini. Nikasema, kumbe."

Mama wa chakula aliweka chini kisu cha nyama. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama, na mtu akisimama na chupa mkononi wenzake wakanyamaza, lazima aseme neno.

Maneno yangu nilikuwa nayo. Niliyapanga wiki nzima nikiwa naoga. Mimi si mgonjwa, mimi sina hiyo kitu. Lakini jaribu wewe kuyasema maneno hayo na bega la mtu mzima linatetemeka juu ya bega lako. Nilimwonea huruma. Na hasira nayo ilikuwepo bado, nisidanganye, maana jina ni jina, na sikuwa na lingine nyumbani.

"Nilitaka tu kusema," nikasema, "nyama haina chumvi."

Watu walicheka kupita kiasi, wakicheka huku wanapangusa macho, na chumvi ikaletwa. Nikachomoa pamba, nikameza magnesiamu yangu.

Chupa ile iliisha. Daktari akasema kama nalala vizuri si lazima niendelee. Nikamwambia mama watoto aninunulie nyingine. Aliniangalia kidogo, akachukua mkoba wake.

Ofisini tumerudi kugombana. Juzi asubuhi yule jamaa alininyang'anya mzigo wa vigae mchana kweupe, nikamwita majina ambayo hayaandikiki, naye akaniita mengine. Saa saba kengele yangu ikalia. Nikasukuma jagi katikati ya meza. Akavuta kiti, akameza yake, nikameza yangu.

Kabla hajainuka, simu ikalia. Ni baba mdogo kutoka Butula. Akaanza na mvua, akaja kwa mahindi, akaja kwa ng'ombe, kisha akafika.

"Kijana, ile namba hukuniambia."

Simu yangu inapaza sauti hata usipotaka. Jamaa alikuwa anasikia kila neno, bilauri bado mkononi.

"Namba tisa, baba," nikamwambia, nikakata.

"Ni nani huyo?"

"Baba mdogo. Anangojea viatu vyangu nikifa."

Akanywa maji yaliyobaki. Akafikiri.

"Mpigie tena," akasema. "Mwambie vyangu ni kumi na moja."