Majina ya Watoto Wasioogopa Mteremko

Sisi tuliokulia Kibumba, juu ya Goma, kwenye ukungu na mashamba ya viazi, tulikuwa na jina kwa kila daraja la wazimu. Mtoto aliyeruka ua wa jirani kuiba matunda ya maracuja aliitwa mtundu, na mtundu alisamehewa. Aliyekatazwa kucheza kwenye mawe makali ya volkano akaenda vilevile aliitwa mkaidi, na mkaidi alichapwa. Yule ambaye hata fimbo haikumfundisha kitu aliitwa kichwa nguvu. Juu ya hao wote kulikuwa na jina moja tu, na mama yangu alilitunza kwa ajili ya watoto walioteremka barabara kwa chukudu: "Maiti yenye kutembea!" Alilitamka kwa kelele akiwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko.

Chukudu, kwa waliokulia mbali na milima yetu, ni kama baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio. Ina magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ubao mrefu katikati, na usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Unapiga goti kwenye ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko husukumi tena, unasali. Breki yake ni kipande cha tairi unachokikanyaga mpaka kikwaruze gurudumu la nyuma, na harufu ya mpira ulioungua inakufuata mpaka sokoni.

Mdogo wangu Safari alilipata jina lile la mwisho akiwa na miaka tisa. Kila papa, baba yetu, alipogeuka, chukudu yake ilikuwa imeshatoweka na Safari ametoweka nayo. Mimi, mkubwa wa watatu, nilikuwa mpole. Nilimbeba kitinda mimba wetu, Furaha, mgongoni, nikamenya viazi, nikamfokea Safari. Asubuhi tulikwenda shule na viazi viwili vya moto mfukoni. Kwanza vilipasha mikono joto, na saa ya mapumziko vikawa chakula. Hapa Brussels nimeona vijana wenye glavu za betri. Sijui mapumziko yakifika wanazila vipi.

Papa alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alimfuata miaka miwili baadaye, kwa kifua kilekile. Kwetu yatima hawaachwi, wanagawanywa. Siku ya mwisho ya kilio, baba mkubwa, kaka yake papa, alituketisha watatu kwenye mkeka mmoja.

"Safari atakwenda na miye Butembo. Furaha atakwenda kwa shangazi yenu Rutshuru. Wewe uko mukubwa, utatafutiwa nyumba ya kufanyia kazi Goma."

"Tunabakia hapa, baba mukubwa," nikasema. Hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Utawalisha na nini?"

"Na chukudu ya papa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamuke juu ya chukudu! Bon. Nalala hapa siku tatu. Kisha tunakwenda." Na kweli, msichana juu ya chukudu hatukuwahi kumwona. Furaha hakucheka. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge cha mama, kwa sababu aliambiwa afunge.

Shule niliiacha wiki hiyohiyo, katikati ya mwaka wa sita wa msingi, na mwalimu wangu mpya akawa Safari. Yule niliyemfokea miaka yote kwa ajili ya chukudu sasa alikimbia nyuma yangu akinifokea mimi, yaya wake, dada mkubwa. "Yaya, usiangalie gurudumu! Angalia kule unakwenda!"

"Nyamaza, maiti we!"

Siku ya tatu jirani alinipa gunia la viazi nilipeleke sokoni chini. Nilitaka kufanya kila kitu kama papa. Nilipaka mawese kwenye ekseli zote mbili, kama alivyofanya yeye kila asubuhi. Kisha nikauona mpira wa breki umekauka na kupasuka, nikauonea huruma. Nikaupaka nao mawese, kwa wingi.

Mpaka kona ya kwanza nilikuwa malkia. Kwenye kona ya pili nilikanyaga breki, na mguu ukateleza kama umekanyaga ndizi. Mbele yangu, katikati ya barabara, baba mkubwa alikuwa anapanda kutoka dukani na paketi ya sukari.

"Toka njiani, baba mukubwa! Breki inakataa!"

"Inakataa nini?" nilimsikia akiuliza, lakini nilikuwa nimeshampita, naye ameshaingia mtaroni na sukari yake.

Nilisimamishwa na shamba la kabichi. Viazi vilitawanyika kila upande na goti langu lilichanika. Sikulia. Niliwaza kitenge cha Furaha kilichofungwa, nikaanza kuokota viazi, haraka, kama kwamba nikivimaliza kabla baba mkubwa hajafika hatakuwa ameona kitu. Alifika akihema. Aliinama, akagusa mpira wa breki, akanusa kidole.

"Mawese?"

"Ndiyo."

"Kwenye breki?"

"Ilikuwa imekauka, baba mukubwa."

Alipangusa kidole kwenye jani la kabichi. "Wewe uko kichwa nguvu," akasema. Kisha akavua koti lake la kilio, akausugua mpira ule kwa mchanga mweusi mpaka ukawa mkavu, akashika gunia kwa nyuma, tukateremka pamoja hadi sokoni. Tuliporudi alimwita Furaha. "Fungua kile kitenge," akamwambia. "Rudisha nguo pahali pake."

Chukudu ile nilibeba nayo mizigo miaka sita. Leo sote watatu tuko Brussels. Furaha ni muuguzi huko Woluwe. Safari anaendesha tramu, na akiona njiwa mita hamsini mbele anafunga breki. Mimi nawatunza wazee, na Jumapili wote wanakula kwangu, Saint-Gilles.

Binti ya Furaha, Neema, ana trottinette ya umeme, chukudu ya siku hizi. Ina taa, kengele na breki mbili, na kichwani anavaa kofia ngumu. Anajiita casse-cou, mvunja shingo, na amejipa jina hilo mwenyewe. Enzi zetu jina la namna hiyo ulipewa na mtu aliyekuogopea.

Jumapili iliyopita nilimwona akianza kuteremka mtaa wetu. Nikafungua dirisha, mwiko ungali mkononi. "Maiti yenye kutembea!"

Neema alinipungia mkono bila kugeuka. "Yaya, majirani!" Furaha akasema nyuma yangu, akicheka. Lakini hakuna dirisha jingine lililofunguka. Kibumba, milango sita ingekuwa wazi tayari, na mama sita wangekuwa wananisaidia kupiga kelele.

Nilibaki pale mpaka taa yake nyekundu ikawaka chini, kwenye kona. Alikuwa amefunga breki. Nikarudi kwenye viazi vyangu.