Gitaa Kwanza ao Ampli

Tangu Pasaka Nkulu alikuwa akisema kwamba ampli yake ya kukuzia sauti ya gitaa imechoka. Kila Jumapili, katika kanisa lao pale Mantapala, kambi ya wakimbizi nchini Zambia, alikaa nyuma ya waimbaji wa korale na gitaa lake magotini, na kila Jumapili alirudi nyumbani amenuna. Sauti haifiki, alimwambia mkewe Marthe. Anampa ishara Plamedie, kiongozi wa korale, ambaye hukaa mbele karibu na ampli, na Plamedie anazungusha kifungo cha sauti, lakini wapi. Anachosikia ni kama mtu anapiga gitaa ndani ya nyumba ya jirani.

Mwaka huo karanga zilikubali. Walipokwisha kuuza magunia, Nkulu na Marthe walipatana kwamba sehemu moja itakwenda kwenye muziki, ila kwa kitu kimoja tu. Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

"Tuanze na ampli," Nkulu alisema. "Gitaa hata ikiwa mubaya, na ampli ya nguvu batu batasikia."

"Miye naona gitaa," Marthe alijibu. "Ile shingo imepinda. Kila mutu anaona."

"Imepinda tangu zamani, na ninaipiga. Juu ya nini unashikilia gitaa vile?"

"Juu ni gitaa njo unapiga. Haiko ampli."

Nkulu alishangaa. Katika miaka thelathini ya ndoa Marthe hakuwahi kumfundisha neno lolote juu ya muziki. Alikuwa mwimbaji wa mstari wa pili, anaimba anachoambiwa, basi. Sasa kwa wiki mbili nzima, wakimenya mihogo, wakipalilia, wakila, alirudia lilelile: gitaa kwanza.

Hakulichukia lile gitaa la zamani, hata hivyo. Yeye ndiye aliyelibeba. Nkulu alilinunua Pweto alipokuwa kijana anayepiga katika mabaa, amesimama kando ya spika zilizomzidi urefu, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Baadaye akaokoka, akaacha mabaa, gitaa hakuliacha. Vita ilipofika kijijini kwao, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, Nkulu alimbeba mama yake mgongoni mpaka mpakani, na Marthe akabeba sufuria kichwani na gitaa mgongoni, amelifunga kwa kitenge kama mtoto. Mama alifariki katika mwaka wao wa pili wa ukimbizi. Gitaa lilibaki, na uzi wake mmoja ulikuwa waya wa breki ya baiskeli.

Siku ya Alhamisi walipanda nyuma ya gari la mizigo mpaka Nchelenge, wakatembea hadi soko la Kashikishi. Njiani walikuwa bado hawajapatana. Wakaingia katika duka la Chiti, Mubemba mmoja anayeuza redio, spika na vyombo vya muziki vilivyotumika, aliyejifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa samaki wanaovuka ziwa kutoka Congo.

"Mwaiseni, ba tata," Chiti aliwakaribisha kwa Kibemba. "Munatafuta nini?"

"Gitaa," Marthe akasema.

"Ampli," Nkulu akasema.

Chiti akacheka, akaleta vyote viwili. Gitaa lilikuwa jekundu, limekwaruzika tumboni, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka. Ampli ilikuwa nyeusi, kubwa kama kiti. Akaviunganisha, akampa Nkulu kigoda. Nkulu alilinganisha nyuzi kwa sikio, kama alivyofanya maisha yake yote, kisha akapiga wimbo wa kufungulia ibada.

Chiti alikunja uso kidogo. "Ba tata, nyuzi mbili za mwisho ziko chini."

Nkulu akazungusha, akapiga tena. "Sasa?"

Chiti alilichukua gitaa kwa adabu, akakaza nyuzi zile mbili, akazikaza tena, akamrudishia. Nkulu alipiga. Hakuona tofauti yoyote. Akagusa ule uzi mwembamba kabisa, peke yake. Aliuhisi ukitetemeka chini ya kidole, lakini haukusema kitu.

"Ongeza ampli," akasema.

Chiti akaongeza.

"Tena."

Nje ya mlango wanawake walikuwa wanapima chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa mchangani. Wote waligeuka. Mmoja aliweka kopo lake chini, akaziba masikio kwa viganja. Nkulu aliyaona hayo, kisha akamtazama Chiti.

"Inasikika?"

Chiti alimwangalia Marthe kwanza. "Inasikika mpaka ku maji, ba tata," akasema, akazima ampli.

Angeweza kumuuzia vyote viwili siku ile. Badala yake alivirudisha mahali pake polepole, na akawasindikiza mpaka mlangoni.

Waliteremka hadi ufukweni, wakakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Marthe alikaa kulia kwake, upande ambao kwa miaka miwili alikuwa amejizoeza kukaa bila kumwambia ni kwa nini.

"Nilitaka gitaa juu gitaa haiongezi sauti," alisema. "Ile ampli ya nguvu ingekuletea haya mbele ya batu."

"Haya gani?"

"Unapiga pembeni, Papa Nkulu. Ile nyuzi nyembamba haziko pa nafasi yao, na wewe hausikii. Plamedie anapunguza."

"Anaongeza. Ninamuonaka anazungusha."

"Anapunguza. Miye njo nilimuomba, ile siku ya Pasaka."

Mashua ya injini ilipita mbele yao ikielekea Kilwa, ng'ambo ya Congo, imejaa watu na mabeseni, na Nkulu aliiona inapita zaidi ya kuisikia.

"Korale yote inajua?"

"Yote."

"Na pasta?"

"Na pasta."

Watu thelathini na zaidi, akawaza, na kila baada ya ibada walimpa mkono, wakamwambia Mungu akubariki.

"Ungeniambia."

"Nilishindwa. Kila Jumapili nilikuwa naona vile unapiga pasi shati yako."

Mwezi uliofuata walikwenda Mansa, kwenye hospitali, na sehemu ya pesa ikaishia huko. Daktari alimpima kwa mashine, akawaeleza taratibu, Marthe akimrudilia Nkulu kila neno. Masikio yalikuwa yamechoka. Pengine ni zile spika za ujanani, pengine ni damu ya ukoo tu. Sauti nyembamba hazitarudi, na zile nene zitazifuata kidogo kidogo. Kipo kifaa cha kuvaa sikioni, lakini pale hakikuwapo. Jina lake liliandikwa kwenye orodha.

Plamedie alikuja nyumbani kuomba msamaha. Alipiga magoti uani, machozi yakimtoka. Nkulu alimwinua.

"Kwa kanisa ulifanya muzuri, mutoto yangu," alimwambia. "Kwangu, ungekuja tu kuniambia, hata nikasirike. Ningekasirika siku tatu, bon, ingeisha."

"Rudia mu korale, Papa. Tutakulinganishia nyuzi."

"Hapana. Mutu anapiga na masikio yake."

Hakununua gitaa, hakununua ampli. Ampli ya zamani aliiachia kanisa. Pesa zilizobaki zilinunua mabati, na nyumba yao haivuji tena.

Baadhi ya jioni, mihogo ikishaanuliwa, hulitoa lile gitaa la waya wa breki. Hukandamiza taya juu ya ubao wake, kwa maana hapo ndipo nyuzi nene bado zinamfikia. "Iko sawa?" humuuliza Marthe, na Marthe, ambaye hamdanganyi tena, hutikisa kichwa, huonyesha juu kwa kidole, huonyesha chini. Nkulu huzungusha akimtazama usoni. Wimbo ukifika kwenye ile sehemu ya juu, vidole vyake huendelea, yeye husubiri mpaka vishuke tena mahali anapoweza kusikia.

Jumapili hukaa kwenye benchi la wanaume, karibu na mlango. Binti mmoja, Sagesse, ndiye anayepiga sasa, kwa gitaa la kuazima. Korale ikianza, Nkulu hutazama mikono ya binti huyo. Anajua kila anachopiga, hata anapokosea. Ngoma humfikia kupitia miguu ya benchi. Mengine anayakumbuka tu.