Ukuta Mwekundu wa Wifi Verona

Wengi mtaani kwetu, huku kwenye machimbo ya makaa ya Pennsylvania, wanamkumbuka wifi yangu Verona Hudak kwa ukuta wake mwekundu. Wanasema alikuwa na jicho la kupamba nyumba. Jicho alikuwa nalo kweli, na mara nyingi lilikuwa limevimba.

Sahani ya kwanza kuvunjika kwenye ukuta ule ilikuwa ya kabichi za kuviringishwa, nyama ndani, mchuzi wa nyanya juu. Kaka yangu Metod aliirusha kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa. Ilipita karibu na sikio la mkewe, ikapasuka nyuma yake, na nyanya ikachuruzika kwenye ukuta mweupe mpaka sakafuni. Mimi nilikuwa pale pale mezani.

"Met, una wazimu?"

"Nyamaza, Justina. Nyumba yangu hii."

"Nyumba yako, sahani ya mama!"

Verona akapiga magoti, akaanza kuokota vipande. Alisugua ukuta kwa magadi, kwa limau, kwa dawa ya kufulia, doa likakataa. Na Epifania ilikuwa inakaribia, siku ambazo Padri hupita nyumba kwa nyumba akibariki, kina mama nyuma yake wakiimba. Basi akanunua rangi nyekundu, akapaka chumba kizima cha kulia chakula.

Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Kitambaa cheupe mezani, picha ya Bikira Maria yenye fremu ya dhahabu, na ule wekundu unawaka chini ya taa. Mama Pavlik, kiongozi wa waimbaji, alishika kifua.

"Verona, mwanangu! Hii nyumba au ikulu?"

Metod akamkumbatia mkewe mbele ya watu, akasema wazo lilikuwa lake mwenyewe. Kufika Pasaka mtaa mzima una vyumba vyekundu, changu kikiwemo. Wanawake wa kwetu kwa kuiga, we acha tu.

Wekundu ulificha nyanya, ukaficha supu nyekundu ya kiazisukari. Damu haukuificha, maana damu ikikauka inakuwa kahawia. Kila Metod alipompiga, Verona alichukua brashi ndogo na kupaka palipochafuka. Lakini nyekundu haina kiraka. Ukipaka kidogo, pale pale panajitenga na pengine pote, na mwanga wa dirishani ukipita unaona kila kitu.

"Wifi, ukuta wako umeota ndui," nilimwambia.

"Mvuke wa jikoni huo."

"Mvuke una ngumi? Na jino je?"

Akafunika mdomo kwa kiganja. Alizoea kucheka hivyo, na kusema hivyo, tangu jino la mbele liondoke. "Niliteleza kwenye ngazi za stoo, Justina. Unajua zilivyo."

Nilimsihi ahamie kwangu. Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto asiyejua lolote. "Amesema nikivuka mlango atanizika kwenye shimo la makaa. Nani atanitafuta humo?" Nilimwamini, maana namjua ndugu yangu. Nilikwenda kwa Padri, akaniambia tusali. Nilitoka kwake nikitukana njia nzima.

Mwaka wa mwisho, asubuhi ya baraka yenyewe, Metod aliona supu ya uyoga imezidi uchachu. Akamshika mkewe nywele, akamgongesha kichwa ukutani. Kisha akaenda kufunga tai. Verona akajifunga kitambaa kichwani, akachukua brashi yake. Nje theluji, ndani unyevu, na rangi nyekundu ni nzito, haikauki haraka. Hakuwa na muda wa kungoja.

Padri wetu hanyunyizi, anamwagia. Alichovya brashi yake kwenye ndoo ya shaba ya maji ya baraka, akarusha kwa nguvu. Maji yakapiga pale pale palipopakwa. Rangi ikaanza kuteremka, michirizi mirefu, ikadondokea kitambaa cheupe na mkate. Chini ya rangi likatokea doa la kahawia, kimo cha kichwa cha Verona, na nywele zake zimenasa humo.

Wimbo ukakatika.

"Yesu wangu," akasema Mama Pavlik.

Metod akacheka. "Mke gani huyu, hata kupaka rangi hajui." Hakucheka mwingine. Watu wote walikuwa wakitazama kile kitambaa cha kichwa, na damu iliyokwisha kupenya. Hapo ndipo uso wa Metod ulipobadilika.

"Umeniaibisha," akamwambia.

Akampiga ngumi ya mdomo mbele ya Padri. Akampiga ya pili, Verona akaangukia meza. Mama Pavlik akamvuta Metod koti, akala kiwiko, mdomo ukapasuka. Wengine wakabaki kama masanamu. Metod akashika kisu cha mkate. Nikaipokonya ile ndoo mkononi mwa Padri, nikampiga nayo ndugu yangu. Pigo la kwanza lilimgeuza. La pili lilivunja taya, nikasikia likivunjika, na nilifurahi. Alisugua ukuta mzima akiporomoka, hata usijue rangi ni ipi na damu ni ipi.

Polisi alipofika, Metod alikuwa chini akikoroma, hawezi kutamka neno.

"Nani kamfanya hivi?"

Padri akasema alikuwa amefumba macho akisali.

"Aliteleza kwenye ngazi za stoo," akasema Mama Pavlik.

"Ngazi za stoo," wakaitika waimbaji.

"Ngazi ziko kule nyuma, mama. Huyu yuko hapa."

Mama Pavlik akafuta damu mdomoni. "Ngazi za nyumba hii ni mbaya sana, mwanangu. Muulize mkewe. Zimemwangusha miaka yote na hamjawahi kuja."

Polisi akamgeukia Verona. Alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Ni kweli," akasema, bila kufunika mdomo, akamruka mumewe na kutoka mlangoni.